Makala ya Psycho (1960) kwenye Wikipedia: namba zinagongana, wahariri wanatenguana. Tuipange vipi?

Mshona_Viraka

Wakuu, salaam.

Tupo wahariri wanne kwenye makala ya Psycho, ile filamu ya Alfred Hitchcock, na kazi haisogei. Urefu upo wa kutosha, ila kila aya ina mkono wake. Yanayotukwamisha ni haya:

1. Sini ya bafuni, pale mhusika mkuu Marion anapouawa kwa kisu. Mmoja anaandika kamera ilipangwa mara 70, wa pili anabadilisha kuwa 78, wa tatu anaweka 52. Wote wana vyanzo, na wanatenguana kila siku.
2. Hadithi, yaani muhtasari wa matukio ya filamu, imefika maneno 1,400, na mtu ameweka onyo juu yake kwamba asiyeitazama filamu asisome.
3. Sanduku la taarifa (jedwali la muhtasari juu ya makala): msambazaji leo ni Paramount, kesho Universal. Mhusika mkuu leo Marion, kesho Mary.
4. Picha tulizopakia zinafutwa.
5. Sehemu kubwa ya "Utayarishaji" ilitafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza bila maelezo yoyote.

Naomba hatua za vitendo. Sera tumeshazisoma, kuzitumia ndiko kunakotushinda.

---

Mla_Tanbihi

Hao watatu wa sini ya bafuni hata hawapingani. Wanahesabu vitu tofauti na kuvipa jina moja.

70 ni namba ya Hitchcock mwenyewe. Alimwambia mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, katika mahojiano yao marefu yaliyotoka kama kitabu miaka ya 1960, kwamba sini ilichukua siku saba na kamera ilipangwa mara 70 ili kupata sekunde 45 za picha. 78 na 52 zinatembea pamoja: ipo filamu ya kumbukumbu ya 2017 iitwayo 78/52, na jina lake ndiyo hesabu yenyewe, mipangilio 78 ya kamera na mikato 52. Mpangilio ni kila mara kamera inapowekwa mahali pake na taa kurekebishwa kabla ya kupiga. Mkato ni kazi ya mezani, pale mhariri wa filamu, George Tomasini, alipounga kipande na kipande. Mpangilio mmoja unaweza kutoa vipande vitano, au usitoe hata kimoja kilichoingia kwenye filamu.

Kuna na mtego mwingine. Mtu anafungua filamu, anaisimamisha picha moja moja, anahesabu mwenyewe, anaandika. Huo ni utafiti binafsi na Wikipedia haiupokei, hata hesabu ikiwa sahihi. Isitoshe, jibu hutegemea umeanzia wapi: Marion anapoingia bafuni, pazia linapovutwa, au kisu kinaposhuka mara ya kwanza. Ndiyo maana chanzo kimoja kitakuambia sekunde 45 na kingine kama dakika tatu, na vyote viwili viko sawa. Hata mikato na vipande havilingani kwa idadi: mikato 52 mfululizo inatenganisha vipande 53. Mtu akibadilisha "mikato" kuwa "vipande" ili sentensi isomeke vizuri, tayari ameiharibu namba.

Andikeni hivi:

"Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba sini hiyo ilipigwa kwa siku saba, kwa mipangilio 70 ya kamera.[1] Filamu ya kumbukumbu ya 78/52 inataja mipangilio 78 na mikato 52.[2]"

Kila namba na mwenyewe. Msitafute wastani, wala msiandike "kati ya 70 na 78", maana hakuna chanzo kilichosema hivyo. Tanbihi ikae papo hapo baada ya dai, isisubiri mwisho wa aya. Aya yenye namba nne na tanbihi moja mwishoni ndiyo inayozaa ugomvi: akija mtu kubadilisha namba moja, hakuna anayeweza kusema chanzo kilikuwa na nini.

Kwa vitabu, ukurasa ni lazima. Kitabu cha Stephen Rebello cha 1990 kuhusu utengenezaji wa filamu hii mtakitegemea sana. Wekeni maelezo yake kamili mara moja, chini kabisa, kisha kila tanbihi ibebe jina la mwandishi, mwaka na ukurasa tu. Mkirudia tanbihi moja yenye jina kwa kitabu kizima, msomaji anaachiwa kukipekua chote kutafuta sentensi moja. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, iwe ya nakala mliyonayo mkononi, kwa sababu kurasa za toleo moja huenda zisilingane na za jingine.

IMDb, ile hifadhidata ya filamu ya mtandaoni, ina manufaa kwa kukumbusha jina la fundi fulani, si kwa mambo ya nyuma ya pazia. Dondoo zake hujazwa na watumiaji. Huko ndiko hutoka uvumi kwamba Janet Leigh, aliyeigiza Marion, alimwagiwa maji ya baridi ili apige ukelele wa kweli, jambo ambalo Leigh mwenyewe alilikanusha: maji yalikuwa ya moto. Na kila mkiona "filamu ya kwanza ya Marekani kuonyesha choo kikivutwa maji", dai la namna hiyo lipewe msemaji au litoke. "Ya kwanza" ni neno ghali kulithibitisha.

---

Mlinzi_wa_Historia

Hayo ni kweli, lakini kwanza zimeni moto, la sivyo sentensi nzuri ya Mla_Tanbihi nayo itatenguliwa kesho asubuhi.

Wikipedia ya Kiingereza inaruhusu mhariri kutengua si zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja. Lugha nyingine zina taratibu zake, ila mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) yeyote akifungua historia akakuta majina matatu yakipokezana, atachukua hatua. Watu hukosea mahesabu kwa njia tatu. Kutengua si kubofya "tengua" tu. Ukirudisha namba kwa mkono, umetengua. Mitenguo ya sehemu tofauti za ukurasa hujumlishwa. Na anayetengua mara tatu, akangoja saa 24 zipite aanze upya, anaweza kufungiwa vilevile kwa vita vya uhariri, maana ile tatu haikuwa haki ya kila siku.

Utaratibu unaofanya kazi: mmoja anabadilisha kwa ujasiri, mwingine asiporidhika anatengua mara moja, na hapo wa kwanza anakwenda kwenye ukurasa wa majadiliano. Harudishi. Maandishi ya zamani yanabaki wakati wa mjadala hata kama unaamini ni mabovu. Siku mbili za namba isiyo kamili hazimuumizi msomaji.

Hoja yenyewe iandikwe hivi: kichwa kinachotaja mahali ("Idadi ya mipangilio, Utayarishaji, aya ya 3"), sentensi ilivyo sasa, chini yake sentensi unayoipendekeza, kisha chanzo na ukurasa, mwisho sahihi ya ~~~~. Anayejibu aongeze nukta pacha moja mwanzoni mwa mstari ili jibu lisogee ndani. Kichwa kama "Fulani anaharibu makala" kinamgeuza kila mtu kuwa wakili wa upande fulani.

Wakibishana wawili tu, ombeni mtu wa tatu asiyehusika. Wakiwa zaidi, itisheni maoni ya wahariri wote. Kwa Kiingereza tangazo la aina hiyo hukaa siku 30 lisipofungwa mapema. Na haipigwi kura. Watu watano wasio na chanzo hawamshindi mmoja mwenye kitabu na ukurasa.

Muhtasari wa uhariri nao mnaupuuza, nadhani. "Nimerekebisha" haimwambii mtu kitu. "70 imepewa Hitchcock kupitia kitabu cha Truffaut, 78 na 52 zimehamia sentensi inayofuata, tazama majadiliano" inazuia nusu ya mitenguo kabla haijatokea. Tena usihamishe aya na kubadilisha maneno yake kwa pigo moja. Ukilinganisha matoleo, aya iliyohamishwa na kuguswa inaweza kuonekana kama imefutwa yote na kuandikwa upya, na wenzako wataitengua kwa hofu. Hamisha, hifadhi, kisha ndiyo uguse maneno.

Kwa kuwa mko wanne: hariri sehemu moja badala ya ukurasa mzima, hifadhi mara kwa mara, na nakili maandishi yako kabla ya kubofya kuhifadhi. Mgongano wa uhariri ukitokea na ukachagua vibaya, kazi ya mwenzako inafunikwa bila wewe kujua.

---

Sini_kwa_Sini

Nichukue la 2 na la 3.

Maneno 1,400 ni mara mbili ya kikomo. Mwongozo wa makala za filamu kwa Kiingereza unataka kati ya 400 na 700, na kwa filamu ya dakika 109 yenye mstari mmoja wa matukio hamna sababu ya kuvuka. Onyo liondoeni. Wikipedia haifichi miisho; anayefungua sehemu iitwayo "Hadithi" ameshaonywa.

Kupunguza: toeni mazungumzo yaliyonukuliwa, maelezo ya kamera na muziki (hayo yana sehemu zake), mvua, gari kubadilishwa kwa undani, polisi wa barabarani. Bakizeni vifundo. Marion anaiba dola 40,000 huko Phoenix. Anafika motelini kwa Norman Bates. Anauawa, Norman anasafisha na kulizamisha gari. Arbogast, mpelelezi wa kibinafsi, anafuatilia, naye anauawa. Lila, dada yake Marion, na Sam, mpenzi wake Marion, wanagundua ukweli wa mama yake Norman. Maelezo ya daktari wa akili yanatosha sentensi moja au mbili, ingawa kwenye filamu anazungumza kwa kirefu mno (wapo wahakiki waliolalamikia hilo, na huko kwenye Mapokezi ndiko pake).

Jambo moja linaharibiwa karibu kila toleo: "mama yake Norman anamuua Marion." Kama tukio la hadithi, huo ni uongo, filamu yenyewe inaukanusha mwishoni. Lakini kuandika "Norman, akiwa amevaa nguo za mama yake, anamuua" katikati ya muhtasari kunavuruga mpangilio wa matukio. Andikeni "mtu ambaye uso wake hauonekani", kisha ukweli uje pale unapokuja kwenye filamu.

Hadithi haihitaji tanbihi kwa sababu filamu yenyewe ndiyo chanzo, ilimradi mnasimulia kinachoonekana na kusikika tu. Kumpa Norman jina la ugonjwa la siku hizi kunahitaji chanzo. Hata tarehe: maandishi ya mwanzo yanasema Ijumaa, tarehe 11 Desemba, saa nane na dakika 43 mchana. Mwaka hayataji. Mtu atafungua kalenda, akute tarehe 11 Desemba 1959 ilikuwa Ijumaa, aandike "1959". Hesabu nzuri kabisa, na haifai kuwekwa.

Sanduku la taarifa: msambazaji ni Paramount. Sehemu hiyo hubeba aliyeisambaza ilipotoka, na kampuni ya utayarishaji ni Shamley Productions, ya Hitchcock mwenyewe. Universal inarudi kila mara kwa sababu mbili zinazoeleweka: filamu ilipigwa kwenye studio za Revue zilizokuwa ndani ya eneo la Universal, na baadaye haki zake zilihamia Universal, kwa hiyo DVD ina nembo yao. Wekeni maelezo yasiyoonekana kwa msomaji ndani ya msimbo, pembeni ya jina: `<!-- Msambazaji wa 1960 ni Paramount. Universal ilipata haki baadaye. Usibadilishe bila kujadili. -->` Yanapunguza sana marekebisho ya watu wenye nia njema wanaokosea.

Mary Crane ni wa riwaya ya Robert Bloch ya 1959. Kwenye filamu ni Marion. Sentensi moja kwenye Utayarishaji inatosha kueleza tofauti.

Kichwa cha makala kibaki na mwaka, maana ipo Psycho ya Gus Van Sant ya 1998. Pitieni orodha ya kurasa zinazoelekeza hapo. Viungo kutoka makala za waigizaji huenda vinaangukia filamu isiyo yake.

Kwenye Mapokezi, wekeni asilimia za Rotten Tomatoes (tovuti inayojumlisha maoni ya wahakiki) mwanzoni, wasomaji huzitafuta.

---

Mla_Tanbihi

Hilo la mwisho nalipinga. Asilimia za Rotten Tomatoes kwa filamu ya 1960 zinachanganya uhakiki wa wakati ule na ulioandikwa miongo mingi baadaye, filamu ikiwa tayari imetukuzwa. Ukiziweka mwanzoni mwa Mapokezi, msomaji ataamini wahakiki wa 1960 waliishangilia kwa kauli moja. Hawakufanya hivyo. Bosley Crowther wa New York Times aliipokea kwa ubaridi, kisha mwisho wa mwaka akaiingiza kwenye filamu zake kumi bora za 1960. Mabadiliko hayo yana habari kuliko asilimia yoyote.

---

Sini_kwa_Sini

Sawa, zishuke kwenye aya ya tathmini za baadaye, pamoja na tarehe ya kuzisoma. Kuziondoa kabisa sikubali.

---

Mla_Tanbihi

Huko chini hazina ubaya. Na orodha za AFI (Taasisi ya Filamu ya Marekani) zipate mwaka ndani ya sentensi: nafasi ya 18 mwaka 1998, ya 14 mwaka 2007, ya kwanza kwenye orodha ya filamu za kusisimua ya 2001. "Inashika nafasi ya 14", bila mwaka, itakuwa kosa siku orodha mpya ikitoka. Vivyo hivyo "ilianzisha filamu za muuaji mwenye kisu": nani kasema? Peeping Tom ya Michael Powell ilitoka Uingereza mapema mwaka huohuo, na ina watetezi wake.

---

Fremu_24

Picha. Zinafutwa kwa sababu mnazipeleka Commons, ghala la pamoja la picha za Wikipedia zote, na Commons hupokea picha huru tu. Psycho yenyewe bado ina hakimiliki. Bango mnaweza kulitumia kwa hoja ya matumizi halali iwapo tu Wikipedia ya lugha yenu inaruhusu kupakia faili zisizo huru moja kwa moja kwake. Si zote zinaruhusu, ulizeni kwanza. Pale panaporuhusiwa, picha iwe ndogo: Kiingereza kinalenga kama pikseli 100,000 kwa jumla, urefu mara upana. Bango la 2000 kwa 3000 litapunguzwa na boti, yaani programu inayohariri yenyewe. Liambatane na maelezo ya kwa nini hakuna mbadala huru, na litumike kwenye makala hiyo tu. Kwenye ukurasa wa mwigizaji litafutwa.

Zilizo huru zipo. Picha ya matangazo iliyochapwa Marekani kabla ya 1978 bila ilani ya hakimiliki inaweza kupokewa Commons, ila mwenye kupakia aonyeshe pande zote mbili, mbele na nyuma, ili ionekane ilani haipo. Kilichochapwa kabla ya 1964 kikiwa na ilani kilihitaji kuongezewa muda mwaka wa 28, kwa hiyo hapo kazi ni kupekua kumbukumbu za usajili. "Ni ya zamani" haijawahi kuwa leseni.

Trela ya Psycho, ile ambayo Hitchcock anamtembeza mtazamaji kwenye seti, ina mtego wa maelezo ya picha. Mwanamke anayepiga ukelele bafuni mwishoni si Janet Leigh, ni Vera Miles, aliyeigiza Lila, akiwa amevaa wigi. Mkiitumia fremu hiyo, andikeni jina sahihi, na leseni ithibitishwe kwa faili hilohilo, msirithi kibandiko cha faili la jirani.

Mkitumia picha ya mtalii ya nyumba ya Bates kwenye eneo la Universal, maelezo yataje mwaka wa picha na yasiseme "nyumba na moteli zilivyotumika 1960". Nyumba ilihamishwa, na moteli ilijengwa upya kwa ajili ya Psycho II.

---

Mshona_Viraka

Shukrani, wakuu. Onyo limeshaondolewa na maelezo ya Paramount yameingia. Imebaki kuuliza: Saul Bass tumwandikeje? Kuna anayeandika kuwa yeye ndiye aliyeongoza sini ya bafuni. Na bajeti na mapato, kila chanzo kina namba yake. Halafu lile la tafsiri.

---

Mla_Tanbihi

Bass: anzeni na lisilobishaniwa. Alibuni maandishi ya mwanzo wa filamu, anatajwa pia kama mshauri wa picha, na alichora mfululizo wa michoro ya sini hiyo. Sentensi ya pili: baadaye alidai kuwa aliiongoza. Ya tatu: Janet Leigh na Hilton Green, msaidizi wa mwongozaji, walilikataa dai hilo. Basi. Msiandike "alidai kwa uongo", wala "ukweli ni kwamba". Kitenzi kiwe "alisema" kwa pande zote. Mkimpa mmoja "alidai" na mwingine "alifafanua", mmeshahukumu. Mzozo huu usiingie kwenye utangulizi wa makala, uzito wake hautoshi.

Bajeti mara nyingi huandikwa dola 800,000 kwa kukadiria, na namba kamili inayotajwa ni dola 806,947. Chagueni moja kwa sanduku na mwili wa makala, zisitofautiane. Mapato ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu magazeti ya biashara ya wakati huo mara nyingi yalitaja kiasi kilichorudi kwa msambazaji baada ya majumba ya sinema kuchukua fungu lao, na tovuti za leo hutaja mauzo yote ya tiketi. Ya pili daima ni kubwa. Kabla ya kuweka namba, soma chanzo kinaiitaje. Kama hakisemi, iache nje ya sanduku uieleze kwenye mwili. Na msibadilishe dola za 1960 kuwa za leo kwa mkono. Tumieni kigezo (msimbo uliotayarishwa wa kujikokotolea) cha mfumuko wa bei kama lugha yenu inacho, la sivyo ziacheni zilivyo.

---

Mlinzi_wa_Historia

Tafsiri: maandishi ya Wikipedia yana leseni ya CC BY-SA 4.0, ambayo inaruhusu kutafsiri mradi waandishi watambuliwe. Kutambua huko kunafanyika kwenye muhtasari wa uhariri: "Imetafsiriwa kutoka makala ya Psycho (1960) ya Wikipedia ya Kiingereza", pamoja na kiungo cha toleo lililotafsiriwa, lile lenye namba ya oldid mwishoni mwa anwani. Kiungo cha makala ya kawaida kinatosha kwa leseni, ila cha toleo ni bora, maana kesho makala itakuwa imebadilika.

Kwa kuwa yenu iliingia bila hayo, haina haja ya kufutwa. Fanyeni uhariri mdogo usiobadilisha maana, nafasi moja baina ya aya inatosha, na muhtasari useme maandishi yaliyoingizwa tarehe fulani yalitafsiriwa kutoka wapi. Kisha wekeni kigezo cha makala iliyotafsiriwa kwenye ukurasa wa majadiliano.

Hapo leseni imetulia, ila tanbihi bado. Zilizokuja na tafsiri hakuna kati yenu aliyezifungua. Gawaneni: kila mmoja achukue kifungu chake, afungue viungo, vilivyokufa avitafute kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, na kuongeza anwani ya kumbukumbu na tarehe yake. Kitabu ambacho hakuna aliyekipata, tanbihi ibaki, ila muorodheshe kwenye majadiliano kwamba haijahakikiwa. Anzeni na Utayarishaji. Ndiko namba nyingi ziliko.